Musogee Kidogo

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa 1959, saa tatu za asubuhi, Mukamugema alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake huko Mabanga, mtaa wa Goma, ungo magotini, anachambua maharagwe. Maharagwe ya Kibumba ni matamu lakini yana vijiwe, tena vijiwe vyeusi vya volkano, na ukikosa kimoja jino lako litakuambia. Alikuwa amefika nusu ya ungo muzungu mpimaji alipoingia kwa mlango wa uzio. Nyuma yake alikuja Védaste, mshika kamba wake, mtu mzima wa Rutshuru mwenye masharubu, ambaye kila mtu wa mtaa alimjua kwa sababu hakuna kiwanja ambacho hakukanyaga.

Walikuja kupima kiwanja namba 214, au parcelle kama tunavyosema hapa. Kwa nje walikuwa wameshamaliza. Mbele mita kumi na tano, kwenda nyuma mita ishirini, sawasawa na ramani. Kwa ndani ilikuwa kuhakikisha tu. Basi Védaste akamwachia muzungu ncha ya kamba pale mlangoni, akaanza kutembea. Kamba ya mita ishirini ikaisha. Akaweka jiwe liwe alama, muzungu akasogea, wakaanza tena. Ikaisha tena. Védaste akapita nyumba ya Kasoki, mke wa karani wa kahawa, akamsalimia, akaulizwa habari za mke wake. Akapita seremala aliyekuwa anapiga randa, akapita shamba la viazi, akapita ng'ombe wawili na mahali wanawake wanapoanika nguo. Alipogusa uzio wa nyuma ilikuwa saa tano kasoro, na kamba ilikuwa imekunjuliwa mara nane.

Muzungu alivua kofia, akapangusa kipaji cha uso, akatazama karatasi yake. Karatasi ilikuwa na nafasi moja ya urefu na nafasi moja ya upana. Akaandika ishirini, akaandika kumi na tano, maana ndivyo ilivyokuwa kwa nje, na barabara ya serikali inapita nje.

Mukamugema aliona jasho lile akamhurumia. Mkekani pake walikuwa wameketi wanawake wanne. Akawaambia, "Musogee kidogo, muzungu akae." Wanawake wakasogea, na uzio wa upande wa kuume ukasogea nao, kama nusu mita hivi. Védaste aliona, lakini alikuwa ameshaikunja kamba, na kazi ikiisha imeisha. Wakapewa maziwa ya mgando, wakanywa, wakashukuru, wakaenda kupima 215.

Mambo ya kiwanja kile yalianza miaka miwili nyuma, na hayakuanza kwa kishindo. Ntirenganya, mume wa Mukamugema, alikuwa mvunja mawe. Barabara nyingi za Goma zilipitia mikononi mwake kabla ya kupitiwa na motokari. Walipewa kiwanja mwaka wa hamsini na moja, wakajenga nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe, wakakaa humo wawili tu, maana Mungu hakuwapa mtoto. Ntirenganya alikuwa akirudi kazini anaketi, anasikiliza, kisha anasema nyumba hii imenyamaza mno. Hakusema kwa kumlaumu mke wake. Alisema kama mtu anayesema leo kuna baridi. Mwaka wa hamsini na saba kifua kilimkamata, vumbi la mawe lile lile, akafa ndani ya wiki tatu.

Mukamugema alimlilia sana, na alipomaliza kulia mbele za watu aliendelea peke yake. Kitandani alibaki upande wake wa ukutani. Upande wa Ntirenganya hakuugusa, hata baridi ya mwezi wa sita iliposhuka toka mlima wa Nyiragongo. Alilala kwa ubavu mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, na mahali pale pakabaki wazi.

Mwaka ule ule, watu waliokuwa wanakaa karibu na ziwa, upande wa kwenda Kituku, waliambiwa watoke. Ilitakiwa barabara yenye maua katikati, na maua hayawezi kupandwa juu ya vitanda vya watu. Watu wa huku nyumba zao ni za mbao, basi walizivunja wenyewe, wakabeba mbao, wakabeba milango. Wa kwanza kufika Mabanga alikuwa Evariste, kijana Munande wa Butembo, karani wa ghala la kahawa, amejitwika mlango kichwani, na mke wake Kasoki nyuma yake ameshika sufuria na taa. Walibisha kwenye nyumba kumi, na nyumba kumi zilisema hakuna nafasi, na ni kweli haikuwako. Walipofika kwa Mukamugema, yeye alikuwa mkekani na majirani wawili. Sasa, kwa watu wetu, mgeni akisimama mbele ya mkeka, haulizwi ametoka wapi kabla hajakaa. Mukamugema akasema neno ambalo mama yake alikuwa akilisema Kibumba, na ambalo wewe pia umelisema mara elfu, "Musogee kidogo."

Majirani wakasogea. Kiwanja kikasogea. Kasoki aliutazama uzio ukienda, akasubiri usimame, kisha akatua sufuria chini. Evariste aliuliza mlango auweke wapi.

Jirani wa kushoto hakupoteza hata shubiri, wala wa kulia. Ukizunguka kwa nje ilikuwa hatua mia moja hivi, na uko mahali ulipoanzia. Lakini ndani, kila walipokuja wengine na milango yao, Mukamugema alisema lile neno, na mahali palipatikana. Mwaka wa hamsini na tisa zilikuwa nyumba themanini na moja. Wahutu wa Masisi, Wanande wa Beni, Watutsi wa Rutshuru na ng'ombe zao wawili, fundi wa baiskeli, wote. Mwalimu wa dini aliyekuja kutembelea wagonjwa alijifunza kuja na chakula chake cha njiani. Nyumba haikunyamaza tena. Watoto walilia, sufuria ziligongana, watu waligombana juu ya kamba ya nguo. Mukamugema alikuwa akiketi jioni anasikiliza, na alitamani tu mtu mmoja awepo asikie.

Neno moja lazima lisemwe hapa, maana ndilo lililoleta shida. Watu wote wa 214, wakiulizwa wanakaa kwa nani, walijibu, "Kwa Ntirenganya." Ndivyo heshima inavyotaka. Boma ni la mwanaume, hata akiwa kaburini, na kusema "kwa Mukamugema" ingekuwa kumwonyesha Mukamugema kwamba ni mjane, jambo analolijua. Yeye mwenyewe alisema hivyo hivyo. Karani wa ofisi ya cité, yaani ya mitaa ya Waafrika, naye aliandika hivyo hivyo, miaka miwili mfululizo, Ntirenganya, Ntirenganya, na hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa upendo tu.

Mwezi wa kumi ilitangazwa kwamba watu watachagua baraza lao. Wanaume wa miaka ishirini na moja na zaidi waende wajiandikishe. Wanaume wa 214 wakaenda kwa pamoja, mia moja na kumi na wawili, wamenyoa ndevu. Karani aliandika wa kwanza, kiwanja 214. Akaandika wa pili, kiwanja 214. Alipofika wa arobaini aliweka kalamu chini, akafungua kitabu cha sheria, akatafuta kama kuna idadi ya wanaume isiyoruhusiwa kutoka kiwanja kimoja. Haikuwemo. Akaendelea kuandika. Alipomaliza wote mia moja na kumi na wawili, akauliza mbona mwenye kiwanja, Ntirenganya, hakuja kujiandikisha.

Wanaume wakatazamana. Ni watu waaminifu. Mmoja akasema, "Muzee alikufa, karani. Iko mwaka wa pili sasa."

Karani naye alikuwa mtu mwaminifu. Aliandika.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Védaste ndiye aliyeileta, na kwa kuwa Mukamugema hakusoma shuleni, ndiye aliyemsomea, amesimama, kofia mkononi. Barua ilisema kiwanja namba 214 hakina mwenyewe. Ilisema kila kiwanja lazima kiwe na jina la mwanaume aliye hai kabla ya Bonane, siku ya mwaka mpya, na kisipokuwa nalo kinarudi mikononi mwa serikali, na waliomo watoke.

Mukamugema alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yeye hayuko hai. Védaste akasema yuko. Akauliza basi jina lake haliwezi kuandikwa? Védaste alisema mambo ya viwanja vya cité sasa yatakuwa ya baraza jipya, hilo litakalochaguliwa. Alisema pole. Alikuwa na huruma ya kweli yule mtu, na hakumaliza maziwa yake siku ile.

Basi tangu siku ile Mukamugema alitaka kitu kimoja. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Sasa alitaka jina lake liandikwe kwenye karatasi ya mahali pale, mahali alipoishi na mume wake na ambapo sasa watu walipata pa kuweka milango yao. Alilisema waziwazi, hata kisimani. Na wote walimwelewa, kwa sababu lisipoandikwa nyumba themanini na moja zitabebwa tena kichwani.

Evariste ndiye aliyesema atasimama kwenye uchaguzi. Alikuwa na maneno mazuri na mwandiko mzuri, na kwa kweli alimpenda Mukamugema kama mama yake. Alipanda juu ya jiwe kubwa la volkano lililoko katikati ya kiwanja, karibu na ng'ombe, akazungumza na wanaume. Alizungumza juu ya maji ya bomba, juu ya barabara zenye maua, juu ya njia ya mtaani iliyojaa mawe makali yanayokata miguu ya watoto. Kisha akamtazama Mukamugema aliyekuwa amesimama nyuma na kikapu cha viazi.

"Siku ya kwanza ya baraza," akasema, "neno la kwanza kutoka kinywa yangu litakuwa jina ya huyu mama. Mukinichagua, munamuchagua yeye."

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mukamugema aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa koti la Ntirenganya, lile jeusi la harusi na misa kubwa. Alilipangusa, akalishonea kifungo kilichokosekana. Alimvalisha Evariste yeye mwenyewe. Mabega yalikuwa mapana kidogo, lakini Kasoki alisema mume wake sasa anafanana na mtu wa baraza, na watu wakacheka, na hata Mukamugema akacheka.

Uchaguzi ulikuwa Jumapili, tarehe kumi na tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Mukamugema alifagia njia kutoka mlango wa uzio mpaka barabarani, ili wanaume wasichafue viatu. Akafuatana nao hadi shule walikopigia kura. Mlangoni alisimama polisi. Hakuwa mkali. Alimwambia mama, wanawake wanangojea kule chini ya miti ya kalitusi, kuna kivuli. Jua halikuwako asubuhi ile, lakini alikwenda, akakaa na Kasoki na wanawake wengine wa mtaa, kila mmoja na kitenge chake begani.

Chumba cha kupigia kura kilikuwa darasa la kwanza, madawati ya watoto wadogo yamesukumwa ukutani. Wanaume wa mtaa mzima walikuja saa moja. Mstari ukaingia ndani ukakwama, wa mbele hawawezi kutoka, wa nyuma wanasukuma, sanduku la kura likaanza kuyumba juu ya meza yake. Saa nne, watu thelathini tu walikuwa wamemaliza. Polisi walipiga filimbi. Wazee walianza kukosa pumzi. Chini ya miti, Mukamugema aliwaona kupitia dirishani, na kabla hajafikiri alisema, si kwa sauti kubwa, kama anavyosema kila siku, "Musogee kidogo, baba zangu."

Ukuta wa upande wa ziwa ukasogea, na ubao mweusi ukaenda nao. Darasa likawa na nafasi ya watu mia nne. Mstari ukanyooka. Saa saba wote walikuwa wamekwisha kupiga kura, na mkubwa wa kituo aliandika kwenye ripoti yake kwamba kazi ilifanyika kwa utulivu na kwamba chumba kilitosha. Jumatatu mwalimu wa darasa la kwanza alikuta kwamba kutoka meza yake mpaka dawati la mwisho anahitaji kupaza sauti. Akapaza.

Evariste alishinda. Kura za 214 peke yake zilitosha. Wanaume walimbeba mabegani kutoka shuleni, koti la Ntirenganya likipepea, na walipofika mlangoni alidai ashushwe. Akamwendea Mukamugema, akamshika mikono yote miwili, akainama. Mukamugema alilia. Alisema Ntirenganya angefurahi kuona koti lake limefika kwenye baraza, yeye aliyepeleka mawe tu.

Baraza lilikaa mara ya kwanza Jumanne baada ya Noeli. Zilibaki siku mbili kabla mwaka haujaisha. Mukamugema alipika tangu mchana, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kituku, na watu walikaa nje wakingojea, hakuna aliyetaka kuingia kwake. Evariste alirudi saa kumi na moja. Alitembea polepole, ameshika karatasi iliyokunjwa. Alikataa kula kwanza, na mtu wa Butembo akikataa sombe ujue kuna neno.

Alisimulia yote, hakuficha. Alisimama wa kwanza, kama alivyoahidi. Alitamka jina la Mukamugema mbele ya wote. Wenzake walisikiliza vizuri. Wengine walisema ni jambo jema. Mmoja alisema mama yake mwenyewe ni mjane. Kisha waliitisha karatasi ya ofisi wakaisoma, na karatasi ilikuwa na mstari mmoja uliochapwa hivi, jina la mwanaume mwenye kiwanja. Wakasema baraza haliwezi kubadilisha karatasi iliyochapwa. Wakasema litafikiriwa mwakani. Wote waliinua mikono, kasoro yeye.

"Na Bonane iko Ijumaa," Mukamugema akasema.

Evariste alitazama chini. Akasema kuna njia moja, lakini anaona haya kuisema. Kasoki akaisema kwa niaba yake. Waandike jina la Evariste. Kwa karatasi tu. Kiwanja kisipotee, watu wasitoke. Kasoki alisema hayo akiwa amemshika Mukamugema bega, na machozi yanamtoka, maana hakusahau siku ile ya sufuria na taa.

Mukamugema hakukasirika. Ingekuwa rahisi kidogo kama angekasirika. Alimpakulia Evariste sombe, akamwambia ale, kisha akasema kesho wataenda ofisini wote, na hiyo karatasi aione kwa macho yake.

Jumatano asubuhi walikwenda, Mukamugema, Evariste na Védaste, ambaye hakutumwa na mtu, alikuja tu. Karani ndiye yule yule wa kuandikisha. Aliwapa viti. Akatoa karatasi mpya, akaiweka mezani, akamwonyesha kwa kidole, hapa namba ya kiwanja, hapa urefu, hapa upana, hapa jina. Mukamugema aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Hakujua kusoma lakini alijua kuona mahali. Juu kulikuwa kweupe. Chini kulikuwa kweupe. Pembeni kushoto ungeweza kuweka vidole vitatu. Ilikuwa karatasi yenye nafasi nyingi kuliko nyumba zote kumi zilizomkataa Evariste na mlango wake.

Akaweka kiganja juu ya meza. Akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto aliyelala, "Sogea kidogo."

Ofisi ilisogea. Ukuta wenye picha ulienda nyuma hatua mbili, dirisha likafuata, kabati la mafaili likabaki katikati ya chumba limesimama peke yake. Sakafu ya saruji iliongezeka bila kupasuka. Meza nayo ilirefuka, na kidau cha wino kikajikuta mbali. Karani alinyanyua mikono ili meza ipite, kisha akairudisha. Wote wanne wakatazama karatasi.

Karatasi ilikuwa pale pale. Mstari ulikuwa ule ule, na maneno yake yale yale.

Mukamugema akangoja. Akasema tena, "Sogea kidogo, tafazali." Kwa nje motokari ilipita. Ukuta ulienda hatua nyingine moja. Karani, ambaye alikuwa na watu wengine wanaongoja, hakumharakisha hata kidogo, alikaa tu na kalamu yake. Védaste alivua kofia. Mwisho Mukamugema akajiinua, mkono kiunoni, akamwambia Evariste, haya, baba, andika.

Kidau kilikuwa mbali, Védaste akaenda kukileta. Upepo ulikuwa unaingia kwa lile dirisha lililosogea na karatasi ikawa inainuka upande mmoja. Mukamugema akaishika kwa vidole viwili isiruke, mpaka Evariste alipomaliza kuandika jina lake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kama siku zote. Alipomaliza alilia mbele ya karani, na Mukamugema akampangusa kwa pembe ya kitenge, akamwambia nyamaza mwanangu, si wewe uliyeichapa.

Jioni ile Evariste alirudisha koti. Alikuwa amelipiga pasi. Mukamugema alilipokea, akaliweka kitandani, upande wa Ntirenganya, mikono imenyooshwa vizuri. Alimweleza Ntirenganya yote yaliyotokea, kwa kifupi, akamwambia pia kwamba nyumba hainyamazi siku hizi. Kisha akaenda kuangalia moto.

Kesho yake, siku ya mwisho ya mwaka, saa tisa hivi za mchana, walifika watu wengine. Nyuma ya soko kulikuwa kumeanza kusafishwa, kulitakiwa mahali pa kuegesha motokari. Walikuwa mwanaume mmoja na mlango kichwani, mke wake Marie-Louise mwenye mimba ya miezi saba, na mama yake mzee aliyebeba kuku. Walisimama kwenye mlango wa uzio, wakauliza hapa ni kwa nani.

"Kwa Evariste," watu wakajibu. Ilikuwa kweli, tena imeandikwa.

Evariste akaitwa. Alitoka mbio, akawaona, akakumbuka mlango wake mwenyewe, na moyo wake ulijaa. Aliwakaribisha kwa heshima zote. Akageuka kwa watu waliokuwa mkekani, akasema kwa sauti yake nzuri ya kwenye baraza, "Musogee kidogo."

Watu wakasogea. Uzio haukusogea. Marie-Louise alitazama uzio, akatazama mlango kichwani kwa mume wake, akashika kiuno. Evariste akarudia, safari hii kwa sauti ndogo. Kuku alilia. Hakuna kitu kilichosogea, na hakuna aliyemcheka Evariste. Alikuwa na karatasi mfukoni, imetiwa mhuri asubuhi ile. Akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba kumtafuta Mukamugema.

Alimkuta na ungo wake. Mukamugema alikuja anapangusa mikono, maganda ya maharagwe yamemng'ang'ania kwenye kitenge. Aliwasalimia wageni mmoja mmoja, akampokea bibi yule mzee kuku wake. Marie-Louise alitaka kujua amshukuru nani, basi akauliza kwa adabu, "Na wewe, mama, hapa uko nani?"

Mukamugema alimweka kuku kwapani.

"Mimi?" akasema. "Miye ninakaa kwa Evariste."

Kisha akageuka kwa wale wa mkekani, akasema musogee kidogo, na uzio ukaenda.